Mama Amelazwa Kisumu, Kazi Iko Nakuru: Una Haki ya Siku Ngapi?

Jibu la haraka ni kwamba huna hata moja. Mfanyakazi wa kiwandani Nakuru ambaye mamake amelazwa katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile wenyeji wa Kisumu bado wanaita Russia, hana siku yoyote ambayo sheria ya Kenya imemtengea kwa ajili ya kumuuguza mzazi. Wengi hushangaa wakiambiwa hivyo, kwa sababu kwenye simu wamesoma mengine. Ukiuliza intaneti habari za likizo ya familia na matibabu unaletewa wiki 12, tena kazi ikikungoja. Wiki hizo zipo kweli, ila ni za Marekani.

Nimemwona mtu mzima akichapisha kurasa hizo saiba, akazibana kwa stepla na kuzipeleka kwa meneja wake. Meneja alisoma ukurasa wa kwanza, akacheka, akamrudishia. Kilichouma zaidi ni kwamba mtu huyo alikuwa na siku zake za likizo ya mwaka ambazo hakuwa ameziomba. Baada ya kicheko kile hakuziomba tena.

Kwa hiyo tuitazame kwanza sheria hiyo ya Marekani, tuone inasema nini, kisha turudi huku Kenya.

Wiki 12 za Marekani

Sheria hiyo ilitiwa sahihi na Rais Bill Clinton mwezi Februari 1993. Inampa mfanyakazi hadi wiki 12 katika kipindi cha miezi 12 akipata mtoto, akipokea mtoto wa kuasili au wa kulea, akiugua ugonjwa mzito yeye mwenyewe, au akimuuguza mume, mke, mtoto au mzazi. Wiki zote hizo hazina malipo. Kinacholindwa ni nafasi ya kazi na bima ya afya ya kazini, mshahara haumo. Majimbo kadhaa yameanzisha malipo yao yenyewe, California ikitangulia mwaka 2004, lakini kwa sheria ya taifa zima mtu anapumzika kwa gharama yake.

Na si kila mtu anaingia. Lazima uwe umemfanyia kazi mwajiri huyo kwa miezi 12, uwe umetimiza saa 1,250 katika miezi 12 iliyotangulia likizo, na kama ni kampuni ya binafsi, iwe na wafanyakazi 50 au zaidi ndani ya maili 75 kutoka unapofanyia kazi. Uchunguzi wa Wizara ya Kazi ya huko wa mwaka 2018 ulikuta kwamba asilimia 56 tu ya wafanyakazi ndio waliotimiza masharti hayo. Binti wa Kisii anayehudumia wazee kule Minnesota kupitia mawakala wawili, saa chache hapa na saa chache pale, anaweza kuchoka kuliko mtu yeyote na bado asifikishe saa 1,250 kwa mwajiri mmoja.

Kuna kipengele kimoja humo kinachowafaa ndugu zetu walio huko, na wengi hawakijui. Kaka na dada hawamo katika orodha ya jamaa, mjomba hayumo, mama mkwe hayumo. Lakini mtu aliyekulea kama mzazi ulipokuwa mdogo anahesabiwa kuwa mzazi, hata kama ni nyanya. Kwa aliyelelewa na nyanyake Bondo au Mumias huku wazazi wakitafuta riziki Nairobi, hilo ni jambo kubwa. Nyanya akiugua sana anaweza kuomba wiki zake aje kumuuguza, alimradi daktari wa huku amjazie cheti. Nyanya akifariki, sheria hiyo haina hata siku moja ya mazishi.

Sheria yetu, na masharti yanayochanganywa

Kenya haina sheria moja ya likizo ya familia. Tuna Sheria ya Ajira ya mwaka 2007, na likizo zimewekwa humo moja moja: kifungu cha 28 ni likizo ya mwaka, cha 29 ni ya uzazi, cha 29A ni ya mtoto wa kuasili, cha 30 ni ya ugonjwa. Kila kifungu kina masharti yake, na mkanganyiko mwingi unaanzia hapo. Watu huchukua sharti la likizo moja wakalibandika kwenye nyingine. Mwanamke ana miezi minne kazini, ni mjamzito, anaambiwa, "Hujamaliza mwaka, huna likizo ya uzazi." Mwaka ni sharti la likizo ya mwaka. Kwa likizo ya uzazi sheria haikuweka muda wowote wa utumishi. Kwa ugonjwa imeweka miezi miwili mfululizo. Ni vitu vitatu tofauti, na kuwa katika kipindi cha majaribio hakukufutii hata kimoja.

Jambo la pili ni kwamba hivi vyote ni viwango vya chini kabisa. Mkataba wako unaweza kuvizidi, na mkataba wa pamoja kati ya chama cha wafanyakazi na waajiri mara nyingi huvizidi. Walimu walio chini ya TSC, yaani Tume ya Huduma ya Walimu, kwa mfano, kupitia mkataba wao wa pamoja wa 2021 hadi 2025 walipata siku 120 za uzazi kwa wanawake na siku 21 kwa wanaume, wakati sheria inasema miezi mitatu kwa mwanamke na wiki mbili kwa mwanamume. Wanaochuma majani chai Kericho na wanaokata maua Naivasha, kama wako ndani ya chama, wausome mkataba wa chama chao kabla ya kusoma sheria. Mkataba ukitoa zaidi, huo ndio unaofuatwa. Ukitoa pungufu, sheria ndiyo inayoshika.

Kisha lipo swali ambalo waajiri wengi wa mtaa wa viwanda, Kisumu na Nakuru, hulimaliza kwa neno moja: "Wewe ni kibarua." Maana yake, usiniulize habari za likizo.

Sheria ina maelezo yake kuhusu kibarua, nayo ni membamba sana. Kibarua ni mtu anayelipwa mwisho wa kila siku na ambaye haajiriwi kwa zaidi ya saa 24 kwa wakati mmoja. Ukilipwa kila Jumamosi, kwa maelezo hayo wewe si kibarua, hata kama hujapewa barua yoyote. Na hata aliyeanza kama kibarua wa kweli, kifungu cha 37 kinasema akifanya kazi kwa siku za mfululizo zinazofikia mwezi mmoja, au akipewa kazi ambayo kwa hali ya kawaida haiwezi kumalizika kabla ya miezi mitatu, mkataba wake unageuka na kuhesabiwa kuwa wa mshahara wa mwezi. Akifikisha miezi miwili au zaidi bila kukatiza, anastahili masharti yote ya sheria kana kwamba hakuwahi kuwa kibarua. Siku ya mapumziko baada ya siku sita za kazi, na sikukuu za umma, zinahesabiwa ndani ya mfululizo huo.

Shida ni ushahidi. Mwajiri anayetaka kukukana atasema ulikuja siku mbili tatu ukaenda zako. Siku hizi dawa ya hilo iko mfukoni mwako: taarifa ya M-Pesa. Malipo ya kila Jumamosi kutoka nambari ileile, miezi mitano, yanasema mengi kuliko barua ya ajira ambayo hukupewa. Waajiri wengine wanalijua hilo, ndiyo maana wanapenda kulipa kwa pesa taslimu.

Mfanyakazi wa nyumbani naye yumo katika sheria hii. Sijui kwa nini watu wanaojua hivyo kuhusu ofisi zao husahau wakifika jikoni kwao.

Ukiugua wewe mwenyewe

Baada ya miezi miwili mfululizo kazini, unastahili angalau siku saba za ugonjwa kwa mshahara kamili, kisha siku saba kwa nusu mshahara, katika kila miezi 12. Miezi hiyo 12 inaanza kuhesabiwa siku uliyoajiriwa, isipokuwa kama mwajiri ameamua kuwaweka wafanyakazi wote kwenye tarehe moja ya mwaka. Na hesabu inafanywa kwa mshahara wa msingi, kwa hiyo usishangae marupurupu ya usafiri yakikosekana.

Tuiweke kwa shilingi. Mshahara wa msingi ni 18,000, na kampuni inagawanya kwa siku 30, basi siku moja ni 600. Ukiugua siku 14, saba za kwanza zinakupa 4,200, saba za pili 2,100. Jumla 6,300 badala ya 8,400. Siku ya 15, sheria imenyamaza. Ukilinganisha na mtu aliyevunjika paja kwa ajali ya boda, au anayetibiwa kifua kikuu kwa miezi sita, unaona mara moja kwamba siku 14 ni za malaria, si za magonjwa makubwa. Katika baadhi ya sekta, maagizo ya mishahara yanayotolewa na serikali au mikataba ya vyama imeongeza siku hizo. Uliza.

Wengine huchanganya hapa na SHA, bima ya afya ya umma. Makato ya SHA, ile asilimia 2.75 ya mshahara, yanalipa matibabu hospitalini. Hayakulipi siku ulizokosa kazi. Anayekulipa siku hizo ni mwajiri peke yake, na ndiyo sababu anazihesabu kwa ukali.

Siku hizi 14 zina masharti mawili, na ndiyo yanayowaangusha watu kuliko uchache wa siku zenyewe.

La kwanza ni taarifa. Sheria inataka umjulishe mwajiri, au ufanye ajulishwe, mapema iwezekanavyo, kwamba hutafika na kwa nini. Angalia hayo maneno "au ufanye ajulishwe". Huhitaji kuandika mwenyewe ukiwa na dripu mkononi. Mkeo anaweza, jirani anaweza. Ujumbe wa namna hii unatosha: "Habari ya asubuhi, Madam. Mimi ni mke wa mlinzi wenu wa geti la nyuma. Mume wangu amelazwa tangu jana usiku, hataweza kufika kazini leo. Nitakutumia karatasi ya daktari tukiipata." Saa inaonekana, sababu inaonekana, aliyetumiwa anaonekana. Bila ujumbe kama huo, mwajiri atasema ulitoroka kazi, na kutokuwepo kazini bila ruhusa wala sababu halali ni kosa la kwanza katika orodha ya makosa makubwa yanayoweza kukufukuzisha bila notisi. Ujumbe ule wa asubuhi ndio unaolitenganisha jambo la ugonjwa na jambo la nidhamu.

La pili ni karatasi. Sheria inataka cheti cha kutoweza kazi kilichotiwa sahihi na daktari mwenye sifa, au na mtu anayekaimu kwa niaba yake anayesimamia zahanati au kituo cha matibabu. Maneno ya mwisho hayo yana uzito huku kwetu. Mtu aliyeugulia nyumbani Ugenya au Vihiga akatibiwa katika zahanati iliyo karibu si lazima akimbilie hospitali kubwa ya mjini ili karatasi yake ikubaliwe. Kinachotakiwa ni msimamizi wa zahanati aandike, atie sahihi, tarehe na muhuri. Karatasi ya duka la dawa haitoshi, wala risiti ya dawa.

Kuna kidudu kimoja kwenye karatasi hizo kimeleta ugomvi usio na sababu. Madaktari na maafisa wa kliniki huandika siku za kupumzika kwa mafumbo ya tarakimu. Ukiona 3/7, ni siku tatu: saba ya chini inasema tunahesabu siku za wiki. 2/52 ni wiki mbili, kwa sababu mwaka una wiki 52. 1/12 ni mwezi mmoja. Karani wa mishahara asiyejua atasoma 3/7 kuwa tarehe 3 mwezi wa 7, aseme karatasi imepitwa na wakati. Au mfanyakazi mwenyewe ataona 5/7 akadhani amepewa siku saba, arudi Jumatatu akute barua ya kujieleza. Omba daktari akuandikie kwa maneno pia, "siku tano, kuanzia tarehe fulani hadi tarehe fulani". Atakunja uso kidogo, lakini ataandika.

Piga picha karatasi hiyo kabla ya kuikabidhi. Faili za wafanyakazi hupungua kurasa kwa namna isiyoelezeka.

Na siku 14 zikiisha ukiwa bado mgonjwa? Unaweza kutumia likizo ya mwaka iliyobaki, unaweza kuomba likizo bila malipo, na mwajiri anaweza kukataa hiyo ya pili. Asichoweza ni kukuondoa kimyakimya. Kushindwa kazi kwa sababu ya afya ni sababu inayotambuliwa ya kusimamisha ajira, lakini kifungu cha 41 kinamtaka kwanza akueleze anachokusudia, kwa lugha unayoielewa, mbele ya mfanyakazi mwenzako au mwakilishi wa chama uliyemchagua, na asikilize majibu yako. Jina kufutwa kwenye rejista ya lango wakati uko wodini si kusikilizwa.

Aliyeumizwa na mashine kazini asikubali ajali yake iandikwe kama ugonjwa wa kawaida ili imalizie siku zake 14. Hiyo ina sheria yake ya fidia, nayo ya mwaka 2007, na mwajiri anatakiwa awe na bima kwa ajili yake.

Mtoto akizaliwa

Hapa sheria yetu ina ukarimu kuliko ya Marekani, ingawa watu hawaamini. Mwanamke ana miezi mitatu kwa mshahara kamili. Si siku 90 za kazi, ni miezi ya kalenda, Jumapili zikiwemo. Akianza wiki tatu kabla ya kujifungua, wiki hizo zimo ndani ya miezi mitatu ileile, na ndiyo maana wengi hufanya kazi mpaka uchungu unapokaribia. Anatakiwa atoe notisi ya maandishi ya angalau siku saba, ikitaja siku ya kuanza na nia ya kurudi kazini, au notisi fupi zaidi kama hali haikuruhusu. Mtoto akija kabla ya wakati wake, hakuna wa kumwuliza mama kwa nini hakuandika barua. Mwajiri akitaka cheti cha daktari au mkunga, apewe. Mama akirudi, anarudi kwenye kazi yake au kazi nyingine inayomfaa yenye masharti yasiyo duni kuliko ya kwanza.

Kuna imani moja isiyotaka kufa: kwamba aliyechukua likizo ya uzazi ameshakula likizo yake ya mwaka. Imani hiyo ilikuwa kweli zamani. Sheria ya ajira iliyotangulia hii ilitoa miezi miwili tu ya uzazi, na ikasema anayeichukua anapoteza likizo ya mwaka huo. Sheria ya 2007 ilifuta jambo hilo kwa maneno ya wazi: hakuna mwanamke atakayepoteza likizo ya mwaka kwa sababu ya kuchukua ya uzazi. Meneja anayekata siku 21 za mama aliyejifungua anafuata sheria iliyokufa miaka mingi iliyopita, pengine kwa sababu ndiyo aliyofundishwa na meneja aliyemtangulia.

Baba ana wiki mbili kwa mshahara kamili. Kifungu chake ni sentensi moja. Hakitaji cheti cha ndoa. Kampuni nyingi zitaomba arifa ya kuzaliwa kwa mtoto, na hilo si kosa. Nimesikia wanaume wakisema wanaona haya kuiomba, kwamba wenzao watawauliza wamejifungua nini. Mshahara kamili wa wiki mbili unaachwa hivyo hivyo kwa ajili ya utani wa kantini.

Kwa anayeasili mtoto, marekebisho ya mwaka 2021 yalileta mwezi mmoja kwa mshahara kamili kuanzia siku mtoto anapokabidhiwa kwake, kwa notisi ya siku 14 pamoja na hati kutoka kwa chama cha uasili. Mama anayenyonyesha ana haki nyingine katika Sheria ya Afya ya mwaka 2017: mahali pa faragha pa kunyonyesha au kukamua maziwa, na nafasi za kufanya hivyo zisizozidi jumla ya saa moja katika kila saa nane za kazi, mbali na muda wa chakula. Sijaona viwanda vingi vyenye chumba hicho.

Palipo dhaifu ni kwenye mikataba ya msimu. Mwanamke wa shamba la maua ana mkataba wa miezi sita. Unaisha akiwa likizoni na hauongezwi. Sheria haimlazimishi mwajiri kuongeza mkataba uliokwisha. Ikionekana kwamba sababu ya kutouongeza ni ujauzito, huo ni ubaguzi na umekatazwa waziwazi. Lakini kuthibitisha kilicho kichwani mwa mwajiri ni kazi. Linalosaidia ni kulinganisha: wenzake wa mstari uleule, wenye mikataba iliyoisha siku ileile, waliongezewa wangapi?

Mgonjwa wa nyumbani na msiba

Turudi kwa yule mwenye mama wodini. Hakuna kifungu cha kumuuguza mzazi, wala mtoto, wala mke. Hakuna kifungu cha msiba. Eneo hili letu hufanya msiba kuwa shughuli ya siku nyingi: mikutano ya michango, safari ya mochari Ijumaa asubuhi, msafara hadi bomani, mkesha, mazishi Jumamosi, na baada yake wazee wana ya kwao ambayo mwana mkubwa hawezi kuyakosa. Sheria iliyoandikwa Nairobi haikuweka siku ya hayo yote. Baadhi ya maagizo ya mishahara yanataja likizo ya huruma, lakini ukiyasoma vizuri utakuta siku zinakatwa kutoka kwenye likizo yako ya mwaka. Ni siku zako mwenyewe unazorudishiwa kwa jina lingine. Kampuni zinazotoa siku tatu au tano za msiba kwa malipo hufanya hivyo kwa sera yao au kwa mkataba wa chama, na hapo maneno ya sera ndiyo yanayoamua nani ni "familia ya karibu". Wakwe mara nyingi huachwa nje. Ukiwa mjumbe wa chama na mazungumzo ya mkataba yanakaribia, ningependekeza mgombanie orodha hiyo ya jamaa hata kabla ya idadi ya siku.

Kwa hiyo anayeuguza anabaki na likizo ya mwaka, na inafaa aijue vizuri kuliko bosi wake. Ni siku 21 za kazi, kwa malipo, kwa kila miezi 12 ya utumishi. Kwa makubaliano, zinaweza kugawanywa, lakini sehemu moja lazima iwe angalau wiki mbili za kazi bila kukatizwa, ichukuliwe ndani ya mwaka huo, isipokuwa mkataba umesema vingine. Anayefanya kazi siku sita kwa wiki atatumia 12 hapo, zinabaki tisa. Wa siku tano atatumia 10, zinabaki 11. Hizo zilizobaki ndizo akiba ya dharura, na zinaweza kusubiri hadi miezi 18 baada ya mwaka uliozizalisha kwisha. Tatizo ni kwamba wengi huzimaliza zote Desemba kwa mkupuo, na Februari simu inapigwa kutoka hospitali.

Fomu ya likizo ina safu ya "siku zilizobaki". Isome kabla ya kutia sahihi. Jumapili haistahili kuhesabiwa kama siku ya likizo kwa mtu asiyefanya kazi Jumapili, na bado mara kwa mara unakuta mtu aliyeondoka Alhamisi na kurudi Jumanne amekatwa tano, wakati yeye hufanya kazi Jumatatu hadi Jumamosi na alipaswa kukatwa nne. Baki na nakala. Kama ruhusa imetolewa kwa mdomo, itume tena kwa maandishi jioni hiyo: "Bosi, asante kwa kunipa ruhusa kuanzia kesho hadi Jumanne." Akikaa kimya baada ya kuusoma, una kitu cha kuonyesha.

Ukifukuzwa kwa sababu ya likizo

Kifungu cha 46 kimeorodhesha sababu ambazo haziwezi kuwa halali za kumfukuza mtu. Mbili zinatuhusu: ujauzito au jambo lolote linalohusiana nao, na kwenda likizo, au hata kuomba tu kwenda, likizo ambayo mtu anaistahili kwa sheria au kwa mkataba. Kuomba tu kunalindwa. Mtu yule wa kurasa za saiba, kama angeziomba siku zake za mwaka na akafukuzwa kwa kuziomba, angekuwa na kesi.

Mahali pa kuanzia ni ofisi ya leba, na ziko Kisumu, Nakuru na miji mingine mikubwa ya huku. Malalamiko ya kufukuzwa yapelekwe ndani ya miezi mitatu. Kufungua kesi mahakamani kuna miaka mitatu, na watu husikia hiyo mitatu wakadhani ndiyo hiyohiyo ya leba. Mahakama ya Ajira na Mahusiano ya Kazi inakaa Kisumu na Nakuru pia, lakini kama mshahara wako wa jumla hauzidi shilingi 80,000 kwa mwezi, tangu 2018 kesi inaweza kusikilizwa na hakimu wa kawaida aliyeidhinishwa. Ukishinda, fidia ya kufukuzwa isivyo haki haizidi mishahara ya miezi 12, na kwa kawaida huwa pungufu ya hapo. Mahakama hupima umetumikia muda gani, na kama wewe mwenyewe ulichangia.

Afisa wa leba atakuuliza vitu vilevile: barua ya ajira au taarifa ya M-Pesa, hati za mshahara, nakala ya fomu ya likizo, karatasi ya daktari, na ujumbe uliotuma asubuhi ile. Kuitunza rejista ya likizo ni wajibu wa mwajiri kisheria, kwa hiyo akidai ulishamaliza siku zako, mwambie afisa aitake rejista hiyo.